Fundi, kabati langu linanata

Mwezi huu meza na viti vimepumzika. Barua karibu zote ni za makabati. Nimezisoma kwa miwani yenye vumbi la msasa, na jambo nililolishuku siku nyingi limepata ushahidi. Makabati yenu hayaharibiwi na uchafu. Yanaharibiwa na usafi. Mnayasugua mno, mnayamwagia maji, mnayapaka chochote kinachong'aa. Haya, tuanze na wa kwanza, maana ndiye aliyeandika kwa uchungu kuliko wote.

SWALI: Shikamoo fundi. Milango ya makabati yangu ya jikoni inanata, hasa karibu na jiko na kando ya vishikio. Kila mwisho wa juma naifuta kwa mafuta kidogo ya kupikia ili ing'ae, kama alivyonifundisha jirani. Inang'aa siku moja, siku ya pili inanata kuliko mwanzo. Juzi nilishindwa kuvumilia nikaisugua kwa waya wa sufuria, ikabaki na michirizi. Nifanyeje?
– Mama wa milango inayonata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani yako msalimie, lakini asikufundishe tena mambo ya mbao. Mafuta ya kupikia hayakauki yakawa ngozi ngumu kama yanavyokauka mafuta ya kitani. Hubaki hapo juu nusu maji nusu gundi, yakidaka vumbi na mvuke wa kikaango, na kila juma wewe unaongeza tabaka jingine. Sehemu kubwa ya hicho kinachonata umekipaka kwa mkono wako mwenyewe.

Waya wa sufuria uurudishe kwenye sufuria. Ubaya wake hauishii kwenye michirizi. Huacha chembe za chuma ambazo jicho halizioni, na mbao nyingi zina tanini, kile kitu kinachofanya chai kali ikaushe ulimi. Chuma, tanini na unyevu vikikutana, mbao hutoka madoa meusi kama ya wino.

Sasa kazi. Fungua vishikio kwa bisibisi uviweke pembeni, maana uchafu mkubwa umejificha chini yake. Tia maji vuguvugu kwenye bakuli, dondoshea sabuni ya kuoshea vyombo, matone machache tu. Chovya kitambaa laini, kisha kikamue mpaka ukikiinua kisidondoke hata tone. Palipo na gundi nzito kilaze hapo dakika mbili tatu, sabuni iyalegeze mafuta, ndipo ufute kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Kitambaa cha pili kiwe cha maji matupu. Cha tatu kikavu, na kipite papo hapo kabla hujahamia mlango mwingine. Afadhali urudie mara nne kwa mkono mwepesi kuliko mara moja kwa hasira. Kwenye michongo na pembeni tumia mswaki wa zamani uliokwisha kulainika.

Ikiwa bado inanata, tapentaini kidogo kwenye kitambaa itayeyusha yaliyobaki. Ijaribu kwanza upande wa ndani wa mlango, zima jiko, fungua madirisha. Tapentaini inashika moto upesi, sitaki barua nyingine kutoka kwako.

Mwisho, pima kwa ukucha. Kwangua kidogo karibu na matundu ya vishikio. Vanishi ikitoka laini kama nta, basi imekufa. Jasho na mafuta ya mikono kwa miaka mingi huilainisha, na hakuna kuosha kutakakoifufua. Hiyo ni ya kuvuliwa yote na kupakwa upya. Ikiwa ngumu, bahati yako: pitisha msasa laini namba 320 juu ya michirizi, futa vumbi lote, paka vanishi tabaka moja jembamba. Baada ya hapo kitambaa chenye unyevu kidogo na kitambaa kikavu vinakutosha mwaka mzima.

SWALI: Mzee wangu, nimerithi kabati la vyombo la bibi yangu. Mgeni aliweka kikombe cha moto juu yake, sasa kuna duara jeupe. Kando yake kuna duara jingine jeusi la siku nyingi, nadhani la chungu cha maua. Rafiki yangu anasema nifute yote mawili kwa spiriti. Je, ni sawa?
– Mjukuu mwenye wasiwasi

JIBU: Wasiwasi wako umekuokoa. Usiguse spiriti.

Nitakueleza kwa nini, ingawa kisa chenyewe hakinipendezi. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea nililetewa kabati la zamani kama hilo lako, lina doa la wino juu. Mimi kijana, najua kila kitu. Nikamimina spiriti kwenye tambara, nikafuta. Tambara likatoka la kahawia. Nikaweka kiganja nipapase, kikanasa. Nilipokiondoa, alama ya mkono wangu wote, vidole vitano, ilikuwa imechapwa juu ya kabati la watu. Lilikuwa limepakwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo, na shelaki huyeyushwa kwa spiriti hiyohiyo. Nilikaa siku tisa nikilipaka upya, tabaka juu ya tabaka, bure.

Kwa hiyo kabla hujapaka wala kufuta chochote, ujue kabati lako limevaa nguo gani. Tafuta mahali pasipoonekana, mfano nyuma ya mguu. Dondosha tone la maji: likinywewa upesi, mbao zimepakwa mafuta tu au hazina kitu. Likisimama juu kama jicho, kuna ngozi ya vanishi au mwenzake. Kisha gusisha pamba yenye spiriti kidogo: pakinata, ni shelaki. Pasipobadilika, jaribu tina, ile ya kuzimulia rangi: pakiyeyuka ni laka. Pasipotikiswa na hivyo viwili, basi yaelekea ni poliurethani, na hiyo ni ngumu, hata ukizembea kidogo itakuvumilia.

Turudi kwenye maduara yako. Jeupe na jeusi ni magonjwa mawili. Jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya ngozi ya juu. Mbao zenyewe ziko salama. Liache siku mbili, wakati mwingine huondoka lenyewe. Lisipoondoka, lipake mafuta ya mgando, yalale hapo usiku kucha, asubuhi uyafute. Bado lipo? Weka kitambaa kikavu cha pamba juu yake, pitisha pasi yenye moto mdogo kabisa, isiyo na mvuke, sekunde chache tu, inua utazame. Rudia. Usiiache pasi ukaenda kupokea simu. Kama kabati litaonyesha kuwa ni la shelaki, ishia kwenye mafuta ya mgando. Shelaki haipatani na joto pia.

Jeusi ni habari nyingine. Maji yalipenya mpaka kwenye mbao, yakakutana na tanini na chuma. Hilo halitoki juu kwa juu. Fundi atavua ngozi yote ya hapo na kutumia asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu, inataka glavu na suuza ya kutosha. Mimi ningekuwa wewe ningeliacha. Kabati la bibi lenye doa la chungu cha maua cha bibi, ubaya wake uko wapi?

SWALI: Fundi, kila msimu wa mvua mlango wa kabati la nguo haufungi, na ukiisha msimu unafunga vizuri. Mwaka huu nimechoka. Nimeazima randa kwa jirani nipunguze ubavu wa mlango. Nianze na kiasi gani?
– Mwenye randa mkononi

JIBU: Anza na kuirudisha randa.

Ubao ulishakatwa, ukapigwa randa, ukapakwa rangi, lakini haujaacha kunywa. Hewa ikiwa na unyevu hunywa na kuvimba. Hewa ikikauka hutoa na kusinyaa. Na hauvimbi kila upande sawa. Kwa urefu karibu hausogei kabisa: hata ubao mbichi ukikaushwa hadi mwisho, urefu wake hupungua kama asilimia 0.1 au 0.2 tu. Kwa upana ndiko kwenye vurugu. Ubao bapa wenye upana wa sentimita 30 unaweza kuongezeka milimita 3, hata 4, kati ya miezi mikavu na miezi ya mvua. Mlango wako una nafasi ya milimita ngapi ubavuni? Mbili? Basi umejijibu.

Ukipiga randa leo, mlango ukiwa umevimba, utafunga vizuri mpaka mvua iishe. Kisha ubao utasinyaa na utabaki na mwanya ambao mende wataupita wakiwa wameshikana mikono. Milango yenye fremu na paneli katikati ilibuniwa kwa sababu hiyohiyo. Paneli haigundishwi, inakaa huru ndani ya mfereji wa fremu, ivimbe na kusinyaa bila kumbughudhi mtu. Nimeona watu wakiigandisha kwa gundi au kuiziba kwa rangi nzito kwa kuwa inachezacheza. Ikifika miezi mikavu inapasuka katikati, na wanamlaumu seremala.

Kwanza kagua bawaba. Mara nyingi mlango hauna kosa. Umelala tu kwa sababu skrubu za bawaba ya juu zimelegea. Ichomoe skrubu inayozunguka bila kukaza, jaza tundu lake njiti za kiberiti zilizochovywa gundi ya mbao (vichwa vyake uvikate), acha likauke, kisha rudisha skrubu ileile. Dakika kumi za kazi, usiku mmoja wa kusubiri.

Kama tatizo ni kuvimba kweli, paka ukingo wa mlango vumbi la chaki, funga, fungua, utaona panapogusa. Papake nta ya mshumaa au sabuni kavu, ujivumilie. Zikifika siku kavu ndipo utazame sehemu ambazo wapakaji wavivu huziruka: ukingo wa juu kabisa na wa chini kabisa wa mlango. Pale ndipo nyuzi za mbao za fremu zimekatwa zikabaki midomo wazi, na midomo hiyo hunywa unyevu kwa kasi kuliko uso wa mbele. Pitisha kidole juu ya mlango wako. Nakuhakikishia utakuta ubao mtupu na vumbi la tangu ulipoletwa. Paka vanishi hapo tabaka mbili tatu. Mvua ikirudi na mlango bado unakwama, hapo rudi kwa jirani, na hata hivyo punguza kwa kiasi cha unene wa karatasi, jaribu, punguza tena.

SWALI: Kila asubuhi nakuta unga mweupe sakafuni chini ya kabati, na kuna vitundu vidogo kama vya sindano. Nimenyunyizia dawa ya mbu ndani ya vitundu lakini unga unarudi. Kaka anasema nimwagie mafuta ya taa.
– Asiyelala

JIBU: Kaka asubiri kwanza. Mafuta ya taa yataua mdudu anayeyagusa tu, yatabaki yananuka kwenye nguo zenu, na kabati litakuwa kuni zilizokwisha kutiwa mafuta.

Unga laini kama poda ya mtoto, na tundu la milimita 1 au 2, huyo ni bungua. Ukitazama vizuri ukaona si unga bali punje ndogo kama mchanga, zenye pande sita, huyo ni mchwa wa mbao kavu, na hapo ninakusihi uite watu wa kufukiza. Hiyo si kazi ya mimi wala wewe, na pengine ameshafika kwenye mbao za paa.

Kwa bungua, kosa la watu wengi ni kudhani lile tundu ndiko alikoingilia. Tundu ni mlango wa kutokea. Aliyelitoboa ameshakuwa mdudu kamili na amekwenda zake. Watoto wake wamo ndani wanakula, na wanaweza kukaa humo mwaka au zaidi. Dawa yako ya mbu imemkuta nyumba tupu.

Hakikisha kwanza kama bado yumo. Futa unga wote, ziba vitundu kwa nta, tandaza karatasi nyeusi chini, subiri wiki kadhaa. Kabati likisogezwa au kugongwa unga wa zamani humwagika, ukadhani ni mpya. Vikitokea vitundu vipya, sehemu iliyoliwa sana ni ya kung'olewa na kuchomwa, na iliyobaki ipakwe dawa ya boraksi. Lakini dawa hiyo huingia kwenye mbao tupu tu. Juu ya vanishi itateleza kama maji juu ya jani la yungiyungi. Ivue kwanza. Ukimaliza, paka vanishi kila mahali, hadi mgongoni na chini ya rafu. Jike la bungua hutaga kwenye vinyweleo vya mbao zisizopakwa kitu, na mafundi wengi mgongo wa kabati huuacha hivyohivyo kwa kuwa unaangalia ukuta.

SWALI: Kabati la chini ya sinki limevimba pembeni na kufumuka kama mkate. Ni la MDF. Nikilianika juani litarudi?
– Mpangaji

JIBU: Halitarudi. MDF ni unga wa nyuzi za mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ukishanyonya maji na kufura, haukubali kushindiliwa tena. Ubao halisi ungesamehe. Rekebisha bomba linalovuja, badilisha kipande hicho, na kingo za kipande kipya uzizibe kwa rangi ya mafuta kabla hakijaingia mahali pake, hasa ukingo unaokalia sakafu.

SWALI: Kabati la zamani linanuka uvundo. Nimejaza vidonge vya nafthalini lakini sasa nguo zinanuka nafthalini, na mtoto mchanga anakohoa.
– Baba mpya

JIBU: Toa vidonge hivyo leo, usingoje kesho. Si vya kuondoa uvundo. Ni sumu ya nondo, na moshi wake usioonekana unavutwa na kila aliye chumbani. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao nafthalini huweza kuzivunja chembe nyekundu za damu yao. Nguo zote zilizokaa humo zifuliwe na kuanikwa, na kikohozi cha mtoto akakione daktari, si seremala.

Uvundo wenyewe ni ukungu, na ukungu ni unyevu. Toa droo zote, sogeza kabati kutoka ukutani upana wa kiganja hewa ipite, futa ndani kwa kitambaa chenye sabuni kidogo na ulikaushe hapohapo, acha milango wazi siku kadhaa. Sahani ya mkaa ndani husaidia kunyonya harufu inayobaki. Ikirudi, tazama ukuta wa nyuma. Mara nyingi mgonjwa ni ukuta.

SWALI: Fundi, nina kabati la mbao tupu, nataka kulipaka mafuta ya kitani mwenyewe. Ni vigumu?
– Mwanafunzi wako wa mbali

JIBU: Si vigumu, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, mbao zikinywa tabaka la kwanza zinafungua rangi ambayo hukujua zinayo. Nunua yale yaliyoandikwa kuwa yamechemshwa. Mabichi huchukua siku nyingi mno kukauka. Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 220, daima kwa mkondo wa nyuzi. Paka kwa kitambaa, subiri kama dakika ishirini, halafu futa yote yasiyonywewa, na nikisema yote ni yote, maana yatakayobaki juu yatanata kama milango ya yule mama wa kwanza. Acha siku nzima, rudia. Tabaka tatu zinatosha.

Ila matambara. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Juu ya ubao joto hilo hupotea hewani. Ndani ya tambara lililofinyangwa halina pa kwenda, huongezeka mpaka tambara linawaka lenyewe, bila kiberiti, bila cheche. Mjomba aliyenifundisha kazi aliniambia hivyo nikacheka kimoyomoyo. Jioni moja nilifunga karakana nikiwa nimetupa matambara yangu kwenye boksi la takataka za randa. Nikasahau miwani. Niliporudi kuichukua nilisikia harufu kama ya samli iliyoungua. Nikaingiza mkono kwenye boksi, nikautoa mbio. Nilipolipindua uani, lile bonge la matambara lilikuwa limegeuka kahawia katikati, likaanza kufuka moshi mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo ukimaliza kupaka, usiyafinyange wala usiyarundike. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yazamishe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Yangu mimi huyaanika kwenye uzio. Majirani wameshazoea; wanajua leo fundi amepaka mafuta.